Ushuhuda wa Wakonyo

Nafuna alipoomba, alikuwa na desturi ya kunyamaza katikati ya sentensi, kichwa kikiwa upande, kama mtu aliyekatizwa na mwenzake anayezungumza naye. Kisha hutabasamu na kuendelea. Wakonyo, aliyepiga magoti kwenye kitanda cha pili, alifumbua macho kila mara kumtazama. Alimtazama kama mwenye njaa anayechungulia nyumba ambamo watu wanakula.

Ilikuwa mwaka wa 1957, katika chuo cha misheni cha walimu wa kike nje kidogo ya mji wa Thika, mahali ambapo mkonge ulikaribia kuingia uani. Wasichana wote walimheshimu Wakonyo. Mwaka uliotangulia alikuwa amesimama kanisani akasimulia alivyoitwa kwa jina akichota maji mtoni Chania, debe likamponyoka, akalia mpaka jua likazama. Bibi Harding, mkuu wa chuo, alifuta machozi. Nafuna, aliyekuwa amewasili karibuni kutoka Bungoma, hakugusa chakula siku hiyo. Jioni alimfuata Wakonyo.

"Dada, nifundishe," alimwambia. "Nami nataka kuitwa."

Hazikupita siku nyingi, akaitwa.

Wakonyo hakuwa ameitwa na yeyote. Alichota maji yake akarudi, basi. Lakini kaka yake, Mburu, alikuwa kizuizini Manyani, na wasichana wa Kikuyu chuoni walikuwa wakihojiwa mmoja mmoja kama wamekula kiapo cha Mau Mau. Aliyesimama akasema ameokoka hakuulizwa tena. Basi Wakonyo alisikiliza shuhuda za wenzake, akaokota kipande hapa na kipande pale, akajishonea wake. Alidhani hofu ikipita atalivua vazi hilo. Hakujua kwamba siku moja angetamani liwe lake kweli.

Siku hizi alikuwa akishuka mtoni peke yake. Husimama palepale alipopataja kanisani, maji yakimgonga miguu.

"Niite," husema kwa sauti ndogo. "Hata mara moja."

Maji hupita. Naye hujaza debe, akapanda mlima.

Jumapili moja lori la misheni liliwapeleka yeye na Nafuna hadi Ruiru, kwenye shamba la kahawa, wakahubiri mbele ya wachumaji waliokusanyika karibu na vitanda vya kuanikia. Nafuna alisema machache, kisha akamshika mwenzake mkono.

"Huyu ndiye aliyenionyesha njia," alisema. "Msikilizeni."

Wakonyo alianza kama kawaida: mto, debe, jina. Alipofika kwenye sauti, mwanamke mmoja aliyeketi mbele, Benta, aliinua uso.

"Samahani, mwalimu. Sauti yenyewe ilikuwaje?"

"Ilikuwaje?"

"Ndiyo. Tangu nimzike mwanangu namngoja Mungu aseme nami. Naogopa asije akawa ameshasema, nami sikumtambua."

Wakonyo alikuwa na jibu. Sauti ya upole, kama upepo. Maneno hayo yaliwahi kuwaliza watu wengi. Yalifika ulimini yakakwama. Mwanamke yule alikuwa akimtazama bila kupepesa, tayari kwenda na lolote atakalopewa, alale nalo, aamke nalo.

"Mama," alisema, "sijui. Sikuitwa. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa." Mnong'ono ulizuka, naye akalazimika kupaza sauti. "Lakini nami namngoja. Hilo si uongo."

Baadhi ya watu waliinuka wakaenda zao. Benta alibaki ameketi. Nafuna alikuwa ameuachia mkono wa Wakonyo, na safari nzima ya kurudi Thika alikaa mbele na dereva.

Kesho yake Bibi Harding alimwita ofisini.

"Uliogopa nini?"

"Maswali, Bibi."

Bibi Harding aligeukia dirisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiketi na maofisa siku zile za kuhojiwa. Alisema kwa sauti iliyopungua nguvu kwamba Wakonyo hataongoza maombi tena, wala hatapelekwa kufundisha dini katika shule yoyote ya misheni. Kuhusu maofisa hakusema neno, na Wakonyo alielewa kwamba Bibi Harding hatawaambia. Alipotoka, alimkuta Nafuna akihamishia godoro lake bweni la pili.

Tangu hapo Wakonyo aliketi benchi la mwisho kanisani. Nyimbo zilipoimbwa, alinyamaza penye maneno asiyoweza kuyasema kwa haki, na mara nyingine wimbo mzima ukaisha bila yeye kufungua kinywa. Ajabu ni kwamba hamu yake haikupungua. Sasa ilikuwa yake, haina pambo.

Alasiri moja, wenzao wakijifunza wimbo mpya, Nafuna alikuja akasimama kando ya benchi.

"Kama ushuhuda wako ulikuwa uongo," aliuliza, "wangu ni nini?"

"Wako ni wa kweli. Nimekutazama ukiomba. Kuomba kule hakuigiziki, Nafuna; mimi ningejua."

Nafuna nusura acheke, lakini macho yalimjaa machozi.

"Na wewe?"

"Namtaka tu. Sina jingine la kusema."

Nafuna aliwatazama wenzao kule mbele, akamtazama tena.

"Sogea, dada," alisema.

Wakonyo alisogea. Wimbo ulianzwa upya kutoka mwanzo. Nafuna hakuimba, aliketi, bega lake likigusa bega la mwenzake, wakangoja.