Makala Ishirini na Mbili za Mzee Mengesha

Jumatatu saa tatu asubuhi Tsigereda Mengesha aliketi kwenye kompyuta ya nne ya maktaba ya chuo, ile isiyokwama, akafungua mtambo wa kutafutia makala za wasomi. Kamati ilitaka orodha ya maandishi yake kabla ya Ijumaa. Bila orodha hakuna uprofesa, na miaka kumi na minane ya kuchungulia wadudu watoboao buni ingekuwa kazi bure.

Aliandika jina lake. Mtambo ukajibu kwamba mwandishi huyo hayupo. Akaandika jina la baba yake, zikaja makala ishirini na mbili, zote alizozitolea jasho mwenyewe, kila moja chini ya jina la Mengesha.

"Mashine inataka jina la ukoo," alisema Ato Gezahegn, mkutubi, huku akitafuna shayiri ya kukaanga.

"Sisi tuna ukoo gani, Ato Gezahegn? Mtu ana jina lake na la baba yake, basi."

"Haya, basi kaandika baba yako. Usigombane na mimi. Hapo chini pana kitufe cha kumwita mwandishi, kibonyeze umuulize."

Akabonyeza. Mzee Mengesha, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, akaingia kwa mlango wa chumba cha magazeti, shuka lake la pamba begani, miguu imejaa tope. Mkutubi alimwambia ajifute miguu kwanza, kisha akamwandikia kitambulisho cha msomaji.

"Nani kaniita? Nimekosa nini tena?"

"Umeandika makala ishirini na mbili, baba."

"We mtoto wee! Mimi hata jina langu likiandikwa silijui."

Alisema kweli tupu. Maisha yake yote alikuwa mswaga nyumbu wa mizigo. Tena ndiye huyu aliyewashia moto daftari la Tsigereda la darasa la nne, akisema msichana akishajua kuhesabu kuku amesoma vya kutosha. Ni mama aliyemtorosha mtoto akasomee kwa shangazi yake.

"Twende kwenye kamati ukayaseme hayo," alisema Tsigereda. Mzee hakubisha. Kufa kulikuwa kumempunguza ubishi.

Kamati iliketi Ijumaa chini ya Profesa Yigezu, ambaye hakuwa na makala hata moja kwa jina lolote. Mzee Mengesha akasimama, akavua kofia.

"Waheshimiwa, si mimi. Kazi ni ya binti yangu. Mimi nilimzuia asisome, Mungu anisamehe, na yeye anisamehe."

"Mnaona?" Profesa Yigezu aliwageukia wenzake. "Huo ndio unyenyekevu wa msomi wa kweli."

"Lakini amekufa!" alifoka Tsigereda.

"Kanuni zinawakataza waliostaafu, Weyzero Tsigereda. Za waliokufa hazisemi kitu."

Mzee akatia dole gumba, akawa profesa. Alipewa ofisi inayotazama bustani, na kiti cha kuzunguka ambacho mwanzoni alikiogopa. Ombi la Tsigereda lilirudishwa likiwa na maelezo mafupi kwamba mwombaji hana maandishi. Na kwa kuwa profesa mpya hakujua kusoma, alipangiwa Tsigereda awe msaidizi wake.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka Addis Ababa ikimwomba profesa afafanue makala yake ya kwanza. Tsigereda akavuta kiti, akamsomea kuanzia mwanzo hadi tamati, majedwali na yote, mpaka sauti ikakauka. Mzee alisikiliza ametulia, kidevu juu ya fimbo. Barazani katibu alisikika akimuuliza mtu kama profesa anakunywa kahawa na sukari au na chumvi.

"Ama kweli," alisema mzee mwishowe, akizunguka kidogo kitini. "Kumbe mimi nina akili hivi!"

Tsigereda akaifunga makala ya kwanza.

"Nawe jitahidi, mwanangu," mzee akamwambia kwa upole. "Usikate tamaa. Siku moja utaandika ya kwako."

Tsigereda akafungua makala ya pili, akaanza kusoma.