Namukose Achelewa Matanga Yake

Jumanne saa kumi na moja jioni, kwenye ukumbi wa mabati ulio nyuma ya kituo cha mafuta pale Nalufenya, Jinja, wake wa polisi na wa askari jela walitandika magunia chini, wakavua viatu, wakamsubiri Afande Romano amalize kupiga filimbi.

Romano alikuwa sajini meja mpaka jeshi lilipopunguza watu. Zamani kidogo alipelekwa India kwa kozi ya redio za kijeshi, na huko, kupitia dirisha la bweni, aliona wanajeshi wa Kihindi wakifanya yoga kila asubuhi. Aliwaangalia wiki mbili huku anapiga mswaki. Aliporudi uraiani Jinja, akafungua darasa. Alifundisha yoga kama gwaride, kwa kelele, na migongo ya watu ilimwogopa ikanyooka. Hakuna aliyelalamika. Kiswahili cha kambini kama chake kilikuwa kimeshawaamrisha watu mambo mabaya zaidi.

Mmoja wa wanafunzi alikuwa Namukose, mjane aliyeuza soda, mgongo wake umechoka kwa kubeba kreti. Nyumba aliyouzia soda aliijenga mwenyewe baada ya mumewe kufariki: vyumba viwili na baraza. Shemeji yake, Yekosofati, alikuwa na tabia ya kupita kuiangalia, kama mtu anavyoangalia ng'ombe za jirani ambaye anaumwa.

Zoezi la mwisho liliitwa maiti.

"Kila mtu lala maiti," Romano akasema. "Maiti hapana pumua. Maiti hapana kohoa. Maiti hapana jikuna. Maiti hapana fikiria watoto."

Wakalala. Namukose alikuwa mtu wa kufanya kitu sawasawa, akawa maiti sawasawa. Huko nje lori likarudi nyuma, likakanyaga baiskeli ya Romano, naye akatoka kugombana na dereva. Ugomvi ulikuwa mrefu. Aliporudi alikuwa bado na hasira, akasema tu, "Tawanyika." Wenzake wakaamka, wakakung'uta magunia. Namukose naye akaamka, lakini pumzi haikuamka naye.

Aligundua nyumbani, alipoinama kupuliza moto kwenye sigiri. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akamwita jirani yake, Phiona, ambaye alimshika mkono, akaweka sikio kifuani kwake, akasikiliza.

"Umekufa, mama," Phiona akasema.

"Nilikuwa nadhani hivyo."

"Sasa sigiri nikupulizie?"

Phiona akampulizia. Sauti ya Namukose ilibaki, kwa sababu Romano hakuwa ametoa amri yoyote juu ya sauti. Kesho yake umeme ulikatika, kama kawaida kwa watu wanaokaa karibu na bwawa la umeme, na wateja wakagundua kwamba soda ikikaa mapajani mwa Namukose inapata baridi kuliko ya friji. Aliuza vizuri siku ile.

Mchana akaenda kwa Romano, akamwomba amalize zoezi lake. Romano akamwamuru apumue. Akamwamuru tena, kwa filimbi. Halafu akakaa chini, akakubali kwamba mwisho wa zoezi lile hakuwahi kuuona. Kila asubuhi kule India, wakishalala tu, yeye alikuwa anaitwa chai. Lakini alikuwa askari mwaminifu, na askari mwaminifu akipoteza mtu anatoa ripoti. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaenda redioni.

Jioni, baada ya taarifa ya habari, wakati Namukose anaosha chupa, redio ikatangaza matangazo ya vifo. La pili lilikuwa lake. Mazishi ni Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwa marehemu.

Alhamisi asubuhi Yekosofati akafika na ukoo, turubai, miti ya kuwambia turubai, na sufuria kubwa mbili.

"Pole sana, mulamu," akamwambia Namukose, kwa heshima ya shemeji.

"Yekosofati, mimi niko hapa. Nasema na wewe."

"Tunasikia. Lakini unapumua?"

Namukose akajaribu. Kifua hakikuinuka.

"Basi. Sisi hatuwezi kubishana na redio." Akaomba ufunguo wa stoo, aweke sufuria.

Walipoanza kuchimba nyuma ya choo, Phiona akamvuta Namukose pembeni. Akamwambia kuna mwalimu wa mambo hayo Mbale, anaitwa Hajati Zahara, na kama hatapata pumzi kabla ya saa nane ya Jumamosi, nyumba imekwenda. Hilo Namukose alikuwa analijua. Akatoka kwa mlango wa nyuma. Kondakta wa basi alitaka alipe nauli ya maiti, ambayo ni mara tatu. Namukose akamwambia maiti husafiri amelala, yeye amekaa. Kondakta akaona ni kweli.

Hajati Zahara alikaa Namatala, pale pale Mbale, upande unaotazama viwanda. Alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari waliotoka Sudani, miaka yake imepita sitini. Kabla Wahindi hawajafukuzwa, alifanya mazoezi kila alfajiri, akishaswali, na mke wa Mhindi mwenye kinu cha mafuta ya pamba, baraza moja, miaka karibu ishirini, na mama yule hakumruhusu kumfundisha mtu yeyote mpaka nywele za kwanza nyeupe zilipotoka. Sasa barazani kwake palikuwa pamejaa. Palikuwa na mwalimu wa shule kutoka Tororo aliyejikunja kama kitanda cha safari na kushindwa kujikunjua. Palikuwa na mwanamke wa Soroti ambaye kivuli chake kilibaki kimesimama kwa kichwa, akitembea kinamfuata miguu juu. Zahara alikuwa akiwapitia na birika la chai, uso umekunjamana.

"Nani alikufundisha?" akamuuliza Namukose, hata kabla ya salamu.

"Afande Romano, wa Jinja."

"Romano. Tena Romano." Akaweka birika chini. "Nyinyi watu. Gari likiharibika mnatafuta fundi anayejua. Nguo ya harusi mnaifuata mpaka Kampala. Lakini mwili, mnampa yeyote mwenye filimbi."

Namukose akasema Romano yuko karibu, ukumbi uko mita chache tu kutoka kwake. Zahara akasema hata kisima kiko karibu, na watoto hutumbukia.

Halafu akamwangalia. Alimwangalia muda mrefu sana, mbele, ubavuni, nyuma, bila kumgusa. Akamwambia kreti anabebea bega la kulia. Akamwambia analala kwa ubavu wa kushoto. Akamwambia siku mumewe anazikwa hakulia, kwa sababu alikuwa anahesabu sahani za wageni.

"Umejuaje?"

"Nakuangalia. Ndiyo kazi yenyewe. Yeye alikuwa anaangalia nini?"

"Baiskeli," Namukose akasema.

Zahara akatikisa kichwa. Kuingia kwenye maiti, akasema, kila mtu anaweza, hata mlevi anaweza. Kumtoa mtu ndiko kunakosomewa. Namukose akamweleza habari ya Jumamosi, turubai, shimo nyuma ya choo, Yekosofati na ufunguo wa stoo. Akaomba atolewe jioni hiyo hiyo.

"Naweza," Zahara akasema. "Unamwona yule?" Akamwonyesha mtu aliyekuwa anafagia uwanja. "Yeye pia alikuwa na haraka, alikuwa na kesi ya shamba. Nikamtoa kwa siku moja. Shamba alipata. Kucheka hakukutoka naye."

Yule mtu akainua macho, akasema ni kweli, akaendelea kufagia.

"Na polepole ni lini?"

"Jumamosi. Labda asubuhi, labda mchana. Mwili si basi, mama."

Namukose akakaa kwenye mkeka, akafikiria tofali zake. Alizikumbuka vizuri. Kuna ukuta mmoja alioujenga mara mbili kwa sababu mvua iliuangusha. Akakaa mpaka chai ikapoa mkononi mwake, na kwa sababu ya hali yake, ilipoa haraka.

"Polepole," akasema, kwa hasira.

Alhamisi iliyobaki iliisha kwenye vidole vya miguu. Zahara alikaa kando ya mkeka, sauti yake chini kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake, na kila Namukose alipotaka kuruka mbele alimrudisha kwenye kifundo cha mguu. Ijumaa walifika magotini, wakasimama Zahara aende msikitini, wakaendelea mpaka tumboni. Namukose alimtukana Romano katikati. Zahara akamwambia matusi pia yanahitaji pumzi, ayaweke kwanza. Jumamosi asubuhi kifua kilikataa. Jua likapanda. Namukose akaomba kisukumwe kidogo. Zahara akakataa kukisukuma, akamwambia kingekuwa cha Romano angekisukuma.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, pumzi ikaingia, ndogo, ina harufu ya chapati za jirani. Ya pili ilikuwa kubwa. Ya tatu ilikuja na kilio cha msiba wa mumewe, akalia kidogo, akamaliza.

Zahara akamwambia arudi Jumatatu, aanze mwanzo, kwa kusimama tu. "Wote nawaambia hivyo," akasema, huku anakunja mkeka. "Hakuna anayerudi. Wakishapata pumzi wanaondoka nayo."

Namukose alifika Nalufenya saa kumi na mbili kasoro. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Kwa kuwa mwili haukuonekana, walikata shina la mgomba, wakalifunga kwa nguo ya gome la mti kama desturi inavyotaka mtu akipotea, wakalizika na sala zote. Romano alitoa hotuba. Wengi walijiandikisha kwenye darasa lake pale pale kaburini, kwa sababu walikuwa wamejionea wenyewe kwamba mazoezi yake yana nguvu. Baada ya hapo ukoo uligawa vitu. Yekosofati alikuwa barazani, ufunguo umening'inia shingoni.

Namukose akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa, akapumua mbele yake, kwa nguvu, mara kadhaa.

"Unapumua vizuri sana," mwenyekiti akakubali. "Na hapo ndipo shida ilipo. Mwenye nyumba ni marehemu, na marehemu hakuwa anapumua. Sote tuliona."

"Marehemu ni mimi."

"Basi ungefika saa nane."

Yekosofati hakuwa mtu mbaya kwa wageni. Akasema huyu mama ametoka safari, apewe sahani. Namukose akakaa kwenye benchi chini ya turubai, akala, kwa sababu njaa nayo ilikuwa imerudi. Nyama ilipungukiwa chumvi. Alimwambia hivyo mpishi, mama aliyeletwa kutoka Iganga kwa ajili ya kazi hiyo tu. Mpishi akaonja, akakubali, akamuuliza yeye alikuwa nani wa marehemu.

Namukose akaangalia ule ukuta aliojenga mara mbili.

"Tulikuwa tunakaa nyumba moja," akasema.

"Pole sana, mama." Mpishi akamwongezea mchuzi. "Na sasa wewe wamekuambia uhamie wapi?"