Mwacheni Alale Mchana

Maneno yalimfikia mama kwenye foleni ya maji: binti yake anakula vidonge. Eti macho mekundu, mikono inatetemeka, na juzi alisinzia kazini mpaka pasi kubwa ikamuunguza vidole. Mama akamaliza siku mbili chakula hakimshuki.

Binti alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali, zamu ya usiku, tangu mumewe alipomwacha na watoto wawili. Msimamizi alishamwambia: ukisinzia tena, kazi basi. Mama akafunga safari, hasira zimempanda, tayari kumzaba kofi mtu mzima.

Vidonge hakuviona. Alikuta chumba kimoja chenye joto la bati, na binti ndiyo kwanza anajilaza, saa tatu asubuhi, watoto wameshakwenda shule. Mama akageuza ndoo, akakaa mlangoni.

Haikupita dakika kumi, hodi. Fundi cherehani wa chumba cha pili.

"Nimemletea mtoto anishikie. Si yupo tu?"

Mama akamrudisha. Mara mwenye nyumba na ufunguo wa bomba, anataka mtu wa kulilinda. Mara muuza mkaa, anacheka: "Bundi kaamka? Naomba chenji." Kufika saa sita, hodi tisa! Fundi akarudi tena na mtoto wake.

"Mbona wenye waume hamwagongei?" mama akafoka.

"Mama, wale wana wenyewe," fundi akajibu bila haya. "Huyu nani atamsemea?"

"Mimi! Mwenye ubavu aje!"

Binti akatokeza, kajifunga khanga, kope zimevimba. "Mama, punguza sauti."

"Si nakutetea!"

"Najua. Lakini hata wewe unanipigia kila siku saa nne kuniuliza kama nimelala."

Hasira ya mama ilikuwa palepale, ila sasa nusu yake ilimgeukia yeye mwenyewe. Akamrudisha binti kitandani, akapasua boksi, akaokota kipande cha mkaa. Aliishia darasa la saba, lakini herufi zake zilisomeka toka barabarani:

HUYU ANAFANYA KAZI USIKU.
Usigonge kabla ya saa tisa.
Usipige simu, hata kama ni mama yake.
Usimletee mtoto, ndoo wala ufunguo.
Usimwite bundi.
Usiseme vidonge kama hukuviona.
Usifungulie redio ukutani kwake.