Kichujio cha Kambi ya Korali

Mume wangu Casimir alikufa kwa kipindupindu majira ya mvua yaliyopita, na tangu hapo naishi kama mtu anayesikia habari kutoka nyumba ya jirani. Nasali asubuhi na jioni. Maneno yanatoka vizuri, yanafika mwisho, Amina. Sijui yanakwenda wapi, lakini sijayaacha.

Korali ya kanisa letu ilipotangaza kambi ya maombi kwenye ufuko, kusini mwa Kalemie, mahali pasipo na bomba, binti yangu Keren alikuwa kati ya waimbaji. Ndiye mtoto pekee niliye naye. Sikumkataza kwenda. Nilisema tu kwamba maji ya ziwa hatayanywa hivihivi. Baba yake alikuwa akiyachota kwenye kilindi, mbali na watu, kama wavuvi wa kwao wanavyochota. Maji yalikuwa meupe kama kioo, naye akafa.

Nilikwenda kwa Papa Barnabé, anayeuza sokoni vitu vinavyovushwa kutoka Kigoma. Alikuwa na vichujio vya aina mbili: mrija wa kunyonyea na mfuko wa kutundika. Akapitisha maji ya ziwa kwenye mfuko.

"Angalia, Mama Keren. Safi."

"Yalikuwa safi hata kabla."

"Sasa unataka niyachafue kwanza?"

"Ndiyo."

Alinitazama kidogo, kisha akachota tope la mfereji na kulikoroga ndani ya ndoo. Jirani yake, muuza dagaa, akasema, "Barnabé, leo umepata mteja."

Maji yalitoka meupe. Nikauliza kama kitu hicho kinazuia mdudu wa kipindupindu au tope tu. Akageuza boksi, akasoma polepole kwa sauti, akasema vyote viwili vinamzuia.

"Lakini huu mrija njo wa mutu moja," akaeleza. "Mfuko unatosha kambi nzima, ila ni wa polepole. Na kuuosha, unarudisha maji safi kinyume. Usioshe na maji ya ziwa, utaingiza mdudu upande wa kunywa."

Mfuko ulinishinda bei. Mrija niliuweza, na mimi nilikuwa na mtoto mmoja. Nikachukua mrija.

Nyumbani Keren alikuwa na rafiki yake Marceline, mwimbaji mwenzake. Marceline aliutumbukiza mrija ndani ya ndoo, akanyonya mpaka mashavu yakaingia ndani.

"Kama mutoto kwenye titi," akasema, wakacheka wote wawili. Kisha Keren akaacha kucheka.

"Mama, kopo likifika kwangu nitafanyaje?"

Nilikuwa sijalifikiria kopo. Katika korali yetu hakuna anayekunywa peke yake. Kabla ya wimbo wa kwanza kopo moja linazunguka, kila mmoja anakunywa na kumpa aliye pembeni. Asiyekunywa ana neno moyoni juu ya mwenzake, na wimbo hauanzi mpaka alitoe.

"Tumbukiza mrija humo ndani ya kopo," nikasema.

"Wengine waweke midomo, mimi niweke bomba? Watajua naogopa midomo yao."

"Sema mama yako amekataza."

"Basi watasema wewe ndiye mwenye neno." Akaufuta mrija kwa kanga yake. "Nitaubeba, Mama. Lakini kunywa, nitakunywa pamoja nao."

Alisema kwa upole. Baba yake pia alikuwa akikataa kwa upole, na hakuwa akibadilika.

Niliurudisha kwa Papa Barnabé. Akauinua kwenye mwanga.

"Huu umeshanyonywa. Nani atanunua mate?"

"Mate ya waimbaji," akasema muuza dagaa. "Pandisha bei."

Nilirudi nyumbani na mrija wangu. Sandukuni kulikuwa na kitenge ambacho mashemeji zangu waliniletea kwa siku ya kuondoa matanga, siku ambayo ukoo mzima wa Casimir ungevaa sare. Kilikuwa hakijashonwa. Nikakipeleka sokoni.

Papa Barnabé alikifungua, akakikunja upesi. "Mama Keren, hiki njo cha matanga. Siku hiyo utavaa nini?"

"Nitavaa nguo."

"Na mashemeji?"

"Watasema."

Akanipa mfuko. Njiani nilingoja niumie moyo kwa kitenge kile. Nilipita kanisa, nikapita kisima kilichofungwa, nikafika kwangu. Sikuumia.

Siku ya kuondoka, Keren aliutundika mfuko kwenye nondo za dirisha la kanisa, kopo chini yake. Maji yalidondoka. Papa Adalbert, kiongozi wa korali, alisimama na gitaa mgongoni akitazama jua.

"Mama Keren, tutafika mbinguni kabla kopo halijajaa."

"Huko hakuna kipindupindu, Papa," Keren akamjibu. "Hapa tungoje."

Wakacheka. Papa Adalbert naye akacheka kidogo, kisha akautazama mfuko. Ndiye aliyeshika mbele ya jeneza la Casimir. Akaweka gitaa chini, akaketi kwenye ngazi, na waimbaji wote wakaketi. Tulingoja muda mrefu.

Kopo lilipojaa alikunywa, akafuta mdomo.

"Kambini hakuna mutu atachota ziwani akanywa," akasema. "Hata mimi. Yote yatapita hapa, na Keren njo mulinzi wake. Mukisikia kiu, muanze kungoja mapema."

Kopo likazunguka, likajazwa tena, likazunguka. Marceline akampa Keren. Nilitazama koo lake likishuka na kupanda. Akampa aliyefuata, na wimbo ukaanza.

Nilisema moyoni, Bwana, umewaona. Walipomaliza kuimba nilisaidia kuufungua mfuko kutoka kwenye nondo, nikaukunja upande mkavu ukiwa nje, nikamkabidhi Keren.