Jedwali la Nne

…sifuri, kweli ni sifuri, alidhani labda ni tone la chai limedondokea tarakimu, akalisugua kwa kidole gumba, karatasi ikachafuka na sifuri ikabaki palepale, vifo sifuri, madhara makubwa ya ini sifuri, akapanda juu kusoma kichwa cha jedwali asije akawa ameruka mstari, Jedwali la Nne, washiriki mia moja na ishirini waliopewa kidonge kipya cha kifua kikuu kwa miezi minne, hapana, hakuruka kitu, na kule mbele ya chumba cha mikutano Profesa ameshika kisu juu ya keki wala hajakata, anasema, "...miaka mitatu ya jasho, jamani, na leo jarida kubwa kama lile limetufungulia mlango...", watu wanapiga makofi na yeye, muuguzi wa utafiti, naye anapiga, mikono inajipigia yenyewe, makala ya utafiti wao ameibana kwapani, akaichomoa tena, akatazama, sifuri. Lakini fundi cherehani alikufa. Hilo hakusimuliwa na mtu, alifia wodini, kitanda cha karibu na sinki, wiki ya kumi na moja ya dawa, na yeye ndiye aliyekishika kifundo cha mkono wake akitafuta mapigo, akatafuta, akatafuta, mpaka muuguzi wa wodi akamgusa bega… mtu mcheshi, alikuwa akija kliniki na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kila mara anasema ameisahau pale, na siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajatoa makohozi, akamwambia, "Sista, hilo bega lako la kushoto limekaa upande, aliyekushonea alikuwa anawahi wapi?", na usiseme, tangu siku ile hakuweza kuvaa sare ile bila kujitazama bega. Wiki ya tisa akaingia na macho ya manjano kama kiini cha yai, anacheka, eti mkewe anasema ni papai, amekula mapapai mengi, na yeye hakucheka, alimtoa damu palepale, akampigia mratibu wa utafiti simu, na mratibu akasema, "Endeleeni na dawa kwanza, Profesa yuko safarini, tusikurupuke," wakaendelea, siku sita nzima, mpaka alipolazwa, kidonge kile cha rangi ya chungwa yeye ndiye aliyemwekea kiganjani, asubuhi sita, na fundi akimeza kwa utii kama mtoto… "...na nisisahau wauguzi wetu," Profesa anasema, "waliotembea nyumba kwa nyumba," makofi tena, mpishi wa chai anamtazama na kutabasamu, naye akatabasamu, mdomo ukakauka kwenye meno. Na jina lake limo. Hilo ndilo alilokuwa analitafuta alipofungua karatasi mara ya kwanza, si jedwali, nani anasoma majedwali, alitafuta jina lake na akalikuta la saba, mbele ya Profesa, kwa sababu Profesa huwa wa mwisho, karani wa takwimu alimweleza siku moja kwamba kwenye makala ndiko mahali pekee duniani ambapo mkubwa anakubali kukaa mwisho wa foleni, wakacheka sana, na juzi tu alimtumia baba yake picha ya ukurasa ule, mzee wa watu, mwalimu mstaafu, akaenda kuichapisha, akaitia kwenye fremu, akampigia shangazi simu, "Sikia nikusomee," akasoma yale majina ya watu kumi na moja kwa sauti, moja baada ya jingine, alipofika la saba akalirudia… limo, basi, limo chini ya sifuri, yeye naye anasema sifuri, anaiambia dunia nzima kwamba hakufa mtu.

Akamwinamia karani wa takwimu aliyekaa kiti cha pembeni yake, kijana mtaratibu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, akamwekea kidole kwenye jedwali. "Namba sitini na moja yuko wapi humu?" Karani hakuangalia karatasi, aliangalia keki. "Yule alihama," akasema, "wako watatu waliohama, mstari wa chini." "Hakuhama. Nilikwenda kumzika." Karani akazidi kuitazama keki. "Mimi naingiza kinacholetwa, dada. Ilikuja fomu ya kifo, halafu ikaja fomu nyingine ya kusahihisha ile, kwamba amehama, mawasiliano yamekatika." "Ameileta nani?" "Aliyeileta ni mratibu," karani akasema, na sasa akamgeukia, si kwa ubaya, kwa huruma hasa, na hiyo ndiyo iliyommaliza, "lakini saini ni yako." Saini yangu, wapi, lini, huyu mtoto wa watu anasema nini, yeye aliandika kifo, kwa kalamu nyeusi, chanzo ini kushindwa kufanya kazi, aliandika mpaka saa na dakika… na pale pale, kana kwamba mtu amewasha taa, korido ikamjia, korido ya maabara, sakafu imetoka kupigwa deki, binti yake yuko shule ana homa na mwalimu ameshapiga simu mara mbili, yeye mkoba begani, anakimbia kwa kunyata asiteleze, na mratibu anamfuata na rundo la fomu, "Dada, saini tu, kurasa za mwisho, ni nakala," naye akaegemeza rundo ukutani akatia saini, ngapi, nane, kumi, akitazama saa, hata hakufunua… hakufunua. Yeye ambaye humfokea mwanafunzi wa uuguzi kwa kukosea tarehe. Mungu wangu. Alimuua mara ya pili akiwa amesimama, na mkoba begani. Na mke wa fundi, ambaye alimwuliza siku ya mazishi kama ni dawa, naye akamjibu, "Tumeandika kila kitu, mama, wakubwa wataangalia…" wakubwa wameangalia.

"...na habari njema zaidi," Profesa anasema, kisu bado hewani, "wizara imesoma makala yetu, na kuanzia Jumatatu kliniki zote zitaanza kutoa kidonge hiki," watu wanasimama, viti vinakwaruza, naye akasimama kwa kuwa wote wamesimama, Jumatatu, leo ni Alhamisi, kliniki zote, watu wangapi kwa siku moja, na mahali fulani muuguzi atamwona mtu ana macho ya manjano, atafungua makala, atakuta sifuri, atamwambia endelea, ni papai… Waswahili walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio kilishalia, kililia mwaka jana, na kikaandikwa kimehama. Moyoni akaanza kuandika barua, mahali pa kuipeleka pamo, chini ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kama za chupa ya dawa, anwani ya mhariri wa jarida, akaandika, Profesa wetu na mratibu wamebadilisha, akafuta, hapana, mratibu atasema saini ni ya nani, na atakuwa amesema kweli, na kama barua itaanza na wao itaishia kapuni, itakuwa umbeya wa mtumishi mwenye kinyongo, kuna njia moja tu ya kuufungua mlango huo, nayo inampitisha yeye kwanza, kazi itakwenda, leseni huenda ikaenda, na baba atalazimika kuishusha fremu ukutani mwenyewe na kumpigia shangazi simu tena… Kichwa kilikuwa kimetulia, kitu cha ajabu, kama nyumba baada ya wageni kuondoka. Kule mbele makofi hayajaisha, Profesa anangoja yaishe ndipo akate, mpishi wa chai anapanga visahani, karani ametazama chini, naye akageuza makala, akamwomba karani kalamu, na kwenye upande mweupe, akiwa amesimama katikati ya wanaoshangilia, akaandika taratibu, kwa mwandiko wake wa fomu: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwandishi wa saba, mshiriki namba sitini na moja hakuhama, alifia mkononi mwangu, na aliyetia saini kwamba amehama ni mimi.