Kisanduku Kilichoondolewa Kwenye Orodha

Jumapili saa kumi na moja jioni, Bi Futi, fundi cherehani, alikuwa amekaa kwenye benchi ukumbini mwa klabu ya ndege zisizo na injini, kompyuta magotini, akijaribu kwa mara ya nne kupeleka safari yake kwenye mashindano ya mtandaoni. Kilomita mia tano na tatu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiitafuta hiyo mia tano. Mwaka mmoja aliishia mia nne na tisini. Mwingine akatua kwenye shamba la viazi, na mwenye shamba akamwuliza anataka magunia mangapi. Leo hewa ilimbeba kwenda na kurudi, na ushahidi wote ulikuwa ndani ya kisanduku cha kurekodi safari, kikubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia, alichokuwa nacho kwa miaka ishirini na miwili.

Tovuti ikajibu kwa adabu: kifaa chako ni cha toleo la zamani, kimeondolewa kwenye orodha tangu leo asubuhi, safari haikufanyika.

"Haikufanyika?" akasema Bi Futi. "Na huu mgongo unaoniuma nimeuokota wapi?"

"Wanasema muhuri wa hivyo vya zamani umechoka," akasema Katibu wa klabu, ambaye siku za kazi aling'oa watu meno. "Mtu anaweza kuvighushi. Pole, dada. Sheria ndiyo hiyo."

Stika ya muhuri iliyoziba kitundu cha kisanduku ikabanduka, ikadondokea kwenye chai ya Katibu. Kisanduku kikakohoa.

"Afadhali," kikasema. "Miaka yote hiyo nimebana mdomo."

Sauti yake ilikwaruza, kama ya shangazi ambaye kila akija hukaa kiti cha karibu na mlango. Katibu akasogea kukipa nafasi. Mtu akakiuliza kama kinatumia chai, kikashukuru, kikasema vitu vya majimaji havipatani nacho.

Kikaanza na mambo madogo. Kikasema mwalimu wa urubani huimba akiwa juu, na wimbo ni ule ule mmoja. Kikasema Katibu aliwahi kuzunguka juu ya nyumba yake dakika arobaini, akingoja wakwe waondoke ndipo ashuke.

"Thelathini," akasema Katibu.

Habari zikapita hangani, zinakolazwa ndege, na kabla chai haijapoa ukumbi ulikuwa umejaa. Waliochelewa walikuja na viti vyao.

"Sasa Bingwa," kikasema kisanduku, na Bingwa, muuza matairi aliyeongoza mashindano miaka mitatu mfululizo, akavuta kiti mbele ili asikie vizuri. "Ile mia saba yake ya mwezi jana. Nyuma ya kilima aliwasha ile injini ndogo. Dakika kumi na moja."

Ndege chache pale klabuni zina injini ndogo ya kumrudisha rubani nyumbani hewa ikimwishia. Ukiiwasha, kilomita zako zinaishia hapo hapo.

"Wewe umejuaje?" akauliza Bi Futi.

"Kale kasanduku kapya kake kameniambia. Si tunachajiwa rafu moja? Kusikia injini ndiyo kazi yake, ndiyo maana kako kwenye orodha. Lakini siku ile kalikuwa ndani ya ule mfuko uliomshonea, mwanangu. Tabaka tatu za sponji. Kakadhani kuna mtu anakoroma."

Kilimwita mwanangu ingawa yeye alikizidi miaka thelathini na sita. Hakukisahihisha. Alikuwa anaukumbuka ule mfuko. Bingwa alimwambia kifaa chake kinashikwa na mafua huko juu, naye akakihurumia, hata kifungo akaweka.

Watu wote wakamgeukia Bingwa.

"Kumi na mbili," akasema Bingwa. "Moja ilikuwa ya kupasha moto."

"Haya, Katibu," akasema Bi Futi. "Yake itoe, yangu iingie."

Katibu akalamba kidole, akafungua kitabu cha sheria, akasoma mpaka chini.

"Ushahidi wa kifaa kisicho kwenye orodha haupokelewi. Kifaa chake kipo kwenye orodha, na hakijasema kitu."

"Mwenyewe si amesema hapa, mbele yetu sote?"

"Mwenyewe si kifaa, dada."

Watu wakatazamana, wakaona ni kweli. Bingwa akampa Bi Futi mkono, akamwambia mia tano na tatu si mchezo.

"Kanunue kapya," akamshauri mwalimu wa urubani.



"Kapya hakajui leo nimepita wapi," akasema Bi Futi, akakitia kwenye mkoba.

Toka hapo kila Jumapili waliruka pamoja, kisanduku kikimweleza kinachoendelea kwenye nyua za watu huko chini. Tovuti iliandika kwamba Bi Futi hajanyanyuka ardhini tangu kisanduku kitoke kwenye orodha, na mumewe, ambaye huisoma kila jioni, akawa anamwuliza: kama ulikuwa hapa hapa chini kutwa nzima, mbona vyombo havijaoshwa?

Msimu mpya ulipokaribia, Bingwa alifika dukani kwa Bi Futi, akaweka mezani mfuko uliochanika pembeni.

"Nishonee mwingine, dada. Safari hii weka tabaka nne, nalipa kwa tabaka."

Bi Futi akatoa futi yake, akapima urefu, akapima upana, akaandika kwenye daftari. Kisanduku kilikuwa kwenye rafu, katikati ya nyuzi.

"Weka tano," kikasema. "Kwenye nne kanasikia."

Bi Futi akafuta nne, akaandika tano.