Pweza wa Mikdad

Kufika siku ya tisini na nne ya eda, nilikuwa nimeshamtukana pweza kwa kila tusi ninalolijua, na mengine niliyoyatunga mwenyewe.

Pweza mwenyewe ni wa kwenye gemu. Marehemu mume wangu, Mikdad, alihangaika naye miaka miwili mbele ya runinga yetu hapa Mapinga, asimpite. Mshenzi anajificha shimoni, na nyuma yake kuna lango. Ukimsogelea, anajichimbia. Ukiruka juu ya shimo, anakutemea wino, unakufa. Mikdad aliacha roho moja tu. Ikipotea hiyo, gemu lake lote linafutika, pamoja na jina lake pale juu ya kioo. Kwa hiyo nilifungua gemu jingine kwa jina langu, nijifunzie humo. La Mikdad sikuligusa.

Mimi niliyezoea kuzunguka na mananasi toka Kiwangwa mpaka Kerege, sasa nazunguka baina ya kitanda na dirisha. Miguu inaniwasha. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama sina pa kwenda.

Kila baada ya laasiri huja wifi yangu Dija, dada yake Mikdad, na bakuli la muhogo wa nazi. Hupiga hodi tatu, kama tulivyofunzwa sote, na ya tatu ikikosa jibu huweka bakuli kizingitini akaenda zake. Sikuwa namjibu. Matangani alisema mbele za watu kwamba nilichelewa kumpeleka kaka yake hospitali. Muhogo nilikuwa naula, maana hasira haishibishi.

“Hodi!” Siku hiyo pia alikuja. “Hodi!” Nikabana pumzi. “Hodi, wifi!”

Kandambili zikageuka. Hapo ndipo nilipochungulia pazia, kama kawaida yangu, nikauona mgongo wake ukienda.

Nikasimama pale na pazia mkononi. Siku zote hizo sikuwahi kuchungulia kabla hajanipa mgongo.

Nikarudi mbio kwenye gemu. Nikamgeuza mtu wangu, akampa pweza mgongo. Hatua moja. Mbili. Ya tatu, kichwa kikachomoza shimoni. Nikamrusha kinyumenyume, akatua juu yake. Pweza kafa! Miaka miwili Mikdad alimkodolea macho tu, maskini.

Nikafungua gemu lake. Bismillahi. Hatua moja, mbili, kidole kikateleza kwa jasho, mtu akasimama. Nikamsogeza tena. Pweza akachomoza, nikaruka.

Lango likafunguka. Nililia kwa sauti, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na mwisho. Palikuwa na njia nyingine ndefu, ambayo Mikdad hakuiona.

Kesho yake sikungoja hodi ya pili.

“Karibu, wifi.”

Dija akaingia na bakuli lake, akaganda mbele ya runinga. Alilisoma jina la kaka yake, akalitazama lango lililo wazi.

“Amempita?”

“Amempita.”

Akaketi chini, machozi yakimtoka. “Wifi, siku ile nilisema neno baya.”

“Ulisema,” nikamjibu. Bado liliniuma, sikutaka kumficha.

Kisha nikachukua pedi ya gemu nikamwekea mikononi.

“Mimi sijui kucheza hivi vitu, nitamuua!”

“Twende polepole,” nikamwambia. “Roho yake ni hiyo hiyo moja.”